Weka kalamu chini kwanza

Ninashona nguo Kadutu, hapa Bukavu. Miaka 3 iliyopita nilijaribu kujiua, nikalazwa siku 11. Nayaandika haya kwa muganga wa hospitali, ndugu au jirani atakayekaa na mtu aliyefika pale nilipofika mimi.

Kaa chini. Asubuhi ya kwanza muganga mmoja alisimama miguuni pa kitanda na fishi, karatasi ya maswali, mkononi: jina, umri, dini, umejaribu mara ngapi. Nilijibu yote, akaondoka bila kunifahamu. Usiku akaja mama mmoja mtu mzima wa zamu. Alivuta kigoda, akatia kalamu mfukoni, akauliza: “Mwanangu, katika yote haya, leo kinachokuuma zaidi ni nini?” Nikamwambia: likelemba, mchezo wetu wa kuchanga pesa na kupokea kwa zamu. Nilikuwa nimekula pesa ya wenzangu 12, hata sokoni naogopa kupita. Kwenye fishi hapakuwa na mahali pa kuandika hilo, na ndilo lililokuwa linaniua.

Uliza waziwazi: “Unafikiria kujiua? Hata leo?” Wengi wanaogopa kwamba ukilitaja neno utampandia mtu wazo. Sivyo. Wazo nilikuwa nalo tayari. Kulisikia likitamkwa kwa sauti ya kawaida ndiko kulikonifanya nipumue. Ukishauliza, nyamaza. Dada zangu wa kikundi cha sala waliniletea ugali na sambaza, Mungu awabariki, lakini wakaanza kunieleza dhambi. Tangu siku hiyo wazo likirudi niliwaficha.

Akikwambia hatari ni ya sasa hivi, usimwache peke yake hata dakika moja. Mpeleke hospitali. Hapa Bukavu tuna SOSAME, kituo cha wagonjwa wa akili, na kwenda huko si aibu.

Akitulia kidogo, andikeni mpango wa kumlinda wazo likirudi, na maneno yawe yake. Wangu uko nyuma ya kaye yangu, daftari la vipimo, baada ya mabega na viuno vya wateja. Nimeandika dalili zangu: nikianza kuzima simu na kuacha chakula. Kinachonituliza: kupiga pasi, au kushuka ziwani alfajiri kuwasikia wavuvi wakirudi wanaimba. Wa kupigiwa: yaya wangu kwanza, ndugu yangu mkubwa. Muganga alikuwa ameandika pia mazoezi ya kupumua. Nikamwambia hayo yananiongezea wasiwasi. Akachukua kalamu akayafuta, mbele yangu. Alipoyafuta ndipo nilipoamini kwamba karatasi ile ni yangu.

Vitu vya hatari ni lazima viwe mbali naye, ila zungumzeni kwanza. Yaya hakunipekua. Aliniuliza, “Nikutunzie nini?” nikamtajia mwenyewe. Dawa zangu ananipa za wiki moja, kila Jumapili.

Na kabla hujamwambia mtu mwingine habari zake, muulize nani ajue. Mimi nilirudi nyumbani nikakuta parsele nzima, majirani wote wa uani, inajua.

Majuma ya kwanza baada ya kutoka hospitali ni ya hatari sana, na ndipo watu wanapotuacha wakidhani tumepona. Usipotee. Huko Marekani, daktari Jerome Motto aliwapelekea barua fupi wagonjwa waliokuwa wamekataa kuendelea na matibabu, kwa miaka 5, bila kuwadai jibu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001: katika miaka 2 ya mwanzo, waliopata barua walijiua wachache kuliko wasiopata. Mimi sishangai. Yule mama wa usiku alikuwa ananiandikia kwenye simu: “Mwanangu, nimekukumbuka. Si lazima ujibu.” Mara 2 sikujibu. Ya 3 nikamwandikia kwamba nimeshalipa wawili, wamebaki 10.