Kutunza rangi ya pikapu Malindi: toa chumvi kwanza, kung'aa baadaye

Watu wakiuliza habari ya rangi ya pikapu swali huwa ni lile lile, nipake nini ing'are, na jibu langu ni kuwa kwetu Malindi kung'aa si shida, shida ni chumvi. Gari ikae Casuarina, Mayungu ama Ngomeni, hata kama haijawahi kukanyaga mchanga wa pwani, upepo wa bahari waibebea chumvi usiku na mchana, na chumvi ina tabia ya kuvuta unyevu, kwa hivyo ukiamka alfajiri umande ushachanganyika nayo bodi yote imelowa maji ya chumvi, jua likitoka yakauka, kesho tena vile vile. Rangi ikiwa nzima inavumilia. Lakini palipochunika, ama kwenye maungio ya bodi, kutu inaingia chini kwa chini na wewe wajua tu siku rangi inapofura. Na kama pikapu yako yabeba samaki, yale maji ya barafu yanayovuja nyuma nayo ni chumvi, na wanaobeba mizigo ya Gongoni na Marereni kwenye mashamba ya chumvi hao sina haja ya kuwaelezea.

Sasa kuosha. Anza chini ya gari, si kwenye boneti. Peleka mpira wa maji ndani ya madigadi, nyuma ya magurudumu, kwenye chesisi, na zile kona ambazo matope hukwama, manake tope lililokwama linashika unyevu wa chumvi wiki nzima hata kama juu gari yawaka. Ukimaliza chini ndio upande juu, mwagia maji mengi bila kugusa na kitambaa, acha vumbi lishuke lenyewe. Hapa ndipo watu wengi wanaharibu rangi, umetoka njia ya Sala Gate, ile ya kwenda mbuga ya Tsavo Mashariki, gari nyekundu yote kwa vumbi halafu wachukua kitambaa kikavu waanza kufuta boneti, ule ni mchanga wasugua nao, na ile mikwaruzo ya mviringo inayoonekana juani mingi yatoka hapo, si kwenye miti ya njiani.

Ndoo ziwe mbili, moja ya sabuni moja ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa kila ukimaliza upande, na kitambaa kiwe cha maikrofaiba, si vipande vya fulana kuukuu vyenye mishono. Sabuni iwe shampuu ya gari. Sabuni ya unga ya nguo yatoa mafuta vizuri lakini yatoa na waksi pia, afu gari yabaki wazi mbele ya chumvi. Osha asubuhi mapema ama baada ya Alasiri, kivulini, bodi ikiwa imepoa, maana sabuni ikikaukia kwenye bodi ya moto inaacha alama.

Na maji yenyewe, hapo sikubali mchezo. Visima vingi karibu na bahari maji yake ni ya chumvi, na kaawoshi nyingi hutumia hayo hayo, kwa hivyo gari yaoshwa chumvi kwa chumvi. Kuyajua ni rahisi, sabuni haitoi povu vizuri na yakikauka kwenye kioo yaacha madoa meupe. Maji ya mfereji yakija, yale ya kutoka Baricho, weka mtungi mmoja wa lita 20 pembeni kwa ajili ya gari tu, hata ukilazimika kuosha na ya kisima, mwisho kabisa mwagia huo mtungi kuanzia juu ya paa, afu kausha hapo hapo na taulo safi, usiache jua likukaushie. Madoa meupe yaliyoshika kwenye rangi jaribu siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, pakaa, ngoja dakika moja hivi, suuza vizuri sana.

Gari ikishakauka, weka mkono ndani ya karatasi ya mkate (mifuko ya plastiki ya kubebea ishapigwa marufuku Kenya tangu 2017, karatasi ya mkate yafaa kabisa) halafu pitisha vidole polepole juu ya boneti. Hata gari inayoonekana safi utasikia vichembe vichembe, krr krr, hiyo ni uchafu ulioshika ndani ya rangi ambao sabuni haiutoi. Huo unatolewa na klei, ule udongo wa kusafishia rangi unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya gari, unalowesha bodi na maji ya shampuu, wateleza nao kwa mkono mwepesi mpaka pawe laini. Ukikuangukia chini utupe, usiseme utausuuza, tayari una mchanga.

Kompaundi sasa, ile dawa ya kusugulia rangi kutoa mikwaruzo. Hapa naomba usiwe na haraka, manake vijana wa bafa, ile mashini ya kung'arishia, watakuambia kila miezi mitatu gari ipigwe, na kweli itawaka, lakini klia ya kiwandani, ile safu angavu ya juu inayokinga rangi, ni kama mikroni 50 tu, unywele wa kichwani kwa kawaida ni mnene kuliko hapo, na kila ukipiga kompaundi wakata kidogo. Jua letu la karibu na ikweta nalo linaila klia upande wake. Klia ikiisha haina dawa isipokuwa kupigwa rangi upya. Kwa hivyo piga tu pale kuna mikwaruzo inayokusumbua, jaribu sehemu ndogo kwanza, ziba kwa tepu kingo na sehemu za plastiki, na mashini isikae mahali pamoja ikachemsha rangi. Pikapu za zamani, hasa nyeupe, nyingi hazina klia kabisa, pakaa polishi kidogo na kitambaa cha rangi tofauti, kikitoka na weupe ujue hiyo ni rangi yenyewe yatoka, enda nayo taratibu.

Baada ya hapo ndio kinga. Waksi ya carnauba, ile ya majani ya mti wa Brazil wa jamii moja na minazi yetu, ina uzuri wake lakini kwa joto letu haikai, wiki chache imeenda. Mimi kwa gari ya kazi nasema silanti, ile kinga ya kutengenezwa kiwandani inayopakwa kama waksi, pakaa safu nyembamba, ngoja kama kopo linavyosema, futa, na itakaa miezi kadhaa. Maji yakiacha kusimama matone matone na kuanza kutandaa, pakaa tena. Seramiki, ile kinga inayokauka ikawa ngumu juu ya rangi, yakaa zaidi, mwaka na kuendelea ikipakwa vizuri, ila bei yake kubwa na maji ya kisima yanaiachia madoa vile vile, kwa hivyo isikufanye uache kuosha.

Pikapu ina sehemu zake ambazo gari ndogo ya saluni haina. Ndani ya bodi ya nyuma, ukiweza piga ile laina ya kupuliza, tabaka gumu la kukinga bodi, ukishindwa tandika mpira mzito lakini uunyanyue kila wiki uoshe chini yake, maana chumvi yajificha hapo. Tundu za kutolea maji kwenye kona zizibue na kijiti. Ukingo wa juu pale mawe na makuti yanasuguana, na ukingo wa chini wa mlango wa nyuma, pakaa silanti mara mbili.

Mavi ya kunguru yasilale kwenye gari, wala maji ya embe wala utomvu, lowesha kitambaa weka juu dakika kadhaa mpaka yalainike ndio utoe, usikwangue. Na jiwe likichuna rangi mpaka chuma kikaonekana, osha na maji matamu, kausha, piga msasa laini kutoa kutu, pakaa praima, ile rangi ya kwanza ya chini, kwa burashi ndogo, afu rangi, afu klia, siku hiyo hiyo kama waweza.