Jinsi ya kumjibu anayekuambia "wenzako wameua, mbona kimya"

Umekaa zako kibandani Mwanjelwa unakula chipsi mayai, redio inataja bomu limelipuka huko mbali, mara jamaa anakugeukia eti "sheikh, wenzako hao, mbona hamsemi kitu?" kisa tu umevaa kanzu. Usiwake. Meza kwanza hiyo chipsi.

Muulize kwa upole, "wenzangu kivipi?" halafu nyamaza, aeleze mwenyewe. Akikwama mkumbushe Shakahola kule Kenya 2023, mchungaji aliwafungisha waumini wake kula mpaka wakafa, ikafukuliwa miili zaidi ya 400, sasa mlokole gani hapa Mbeya aliulizwa mbona hajalaani? Mimi sikumuuliza mama mchungaji jirani yangu, na ningethubutu angenimwagia maji ya vyombo.

Kulaani sio vibaya, ila laani kama Mtanzania yeyote anayekumbuka ubalozi wa Marekani Dar ulivyolipuliwa 7 Agosti 1998 wakafa watu 11, sio kama mtuhumiwa anayejitetea. Lakini kama kuna dogo mtaani kwenu anawashawishi wenzake wakachinje watu, hapo kweli sema, tena mapema, kwa wazazi wake, kwa imamu, kwa mwenyekiti wa mtaa, maana hapo kuna kitu unakijua. Jamaa akizidi kubisha lipa chipsi zako usepe.