Doa sehemu za siri ukiwa Uingereza: weka kando ile tyubu ya nyumbani

Nyumba nyingi za watu wetu nilizoingia hapa Uingereza zina ile tyubu ya krimu ya muwasho. Imekuja kwenye begi la mtu aliyetoka Dar au Mombasa, na kila anayewashwa huambiwa, "Hebu jaribu hii." Nami niliipaka kinenani miezi mitatu. Muwasho ulitulia, ukarudi, nikazidisha. Mwishowe ngozi ilikuwa nyembamba, imejaa michirizi, na fangasi wameshuka hadi mapajani.

Tyubu hizo nyingi zina steroidi kali iliyochanganywa na dawa ya fangasi na antibiotiki. Steroidi hutuliza muwasho huku fangasi wakiendelea kutambaa, na ngozi ya huko chini hufyonza dawa kuliko ngozi ya mkono. Ubaya mwingine ni kwamba ugonjwa hubadilika sura, hata daktari akautazama asiutambue.

Kabla hujapaka chochote, ndugu yangu, jua kwamba si kila kipele ni ugonjwa. Vipele vidogo vinavyolingana, vimejipanga mstari kuzunguka ukingo wa kichwa cha uume, ni maumbile. Haviambukizi wala havitaki dawa. Vidoa vya njano kwenye ngozi ya uume au korodani ni tezi za mafuta. Usivikamue, wala usivisugue kwa sabuni kali au maji yaliyotiwa dawa ya kuua vijidudu, maana hapo ndipo unapojitengenezea kidonda cha kweli.

Picha za mtandaoni nazo hupotosha. Nyingi ni za ngozi nyeupe, zinaonyesha wekundu. Kwetu sisi uvimbe wa ngozi huonekana zambarau, kijivu, au weusi uliokolea. Mwambie daktari waziwazi: "Hapa pamekuwa peusi kuliko kawaida yangu." Kidonda kikipona kinaweza kuacha alama nyeusi kwa miezi, na alama hiyo si ugonjwa.

Kuna jambo moja ambalo limevunja imani katika ndoa bila sababu. Mtu anameza Septrin, au doksisaiklini, au hata ibuprofeni ya maumivu. Baada ya saa au siku chache kichwa cha uume kinawasha, kinatoka doa la mviringo, pengine lengelenge. Linapona, linaacha weusi. Miezi baadaye anameza dawa ileile na doa linatokea palepale. Mke anauliza ametoka wapi, na mume hana jibu. Huo ni mzio wa dawa, na dalili yake kubwa ni kurudi mahali palepale. Andika kila ulichomeza wiki mbili kabla, miti shamba ikiwemo, na uende na orodha hiyo.

Ukoko mweupe na muwasho chini ya govi vikirudi kila mara, omba upimwe sukari. Kisukari huanza kujionyesha hivyo kwa baadhi ya wanaume. Mabaka meupe magumu, na govi linalozidi kubana, usiyaite mbalanga ukanyamaza. Mbalanga hubadili rangi tu, ngozi ikabaki laini. Huu mwingine wa mabaka magumu, uitwao lichen sclerosus, huacha makovu na unaweza kuziba njia ya mkojo, lakini ukiwahiwa una dawa.

Kidonda kimoja kisichouma ndicho ninachokiogopa kuliko vyote. Kaswende huanza hivyo, mara nyingi wiki tatu hivi baada ya kuambukizwa. Kidonda hujifunga chenyewe, mtu anashukuru Mungu, kumbe ugonjwa umeingia mwilini. Tiba yake ni sindano ya penisilini, na mwenzi wako naye apimwe. Uvimbe au kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa pia kionwe, kwa kuwa saratani ya uume ipo.

Kliniki za afya ya ngono za NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya hapa, huhitaji barua ya daktari? Hapana. Kupima na kutibu magonjwa ya zinaa ni bure kwa kila mtu, hata asiye na viza, na mwajiri wako haambiwi. Kwa matatizo mengine ya ngozi jiandikishe kwa daktari wa mtaa (GP), ambaye hapaswi kukukataa kwa kukosa karatasi za ukaazi. Unaweza kuomba daktari mwanamume, na mkalimani wa Kiswahili bila malipo. Usimchukue mtoto wako akutafsirie. Piga picha doa likiwa bado lipo, na ile tyubu ibebe ukamwonyeshe.

Govi likikwama nyuma ya kichwa cha uume na kichwa kikavimba, nenda kitengo cha dharura saa hiyohiyo, usingoje asubuhi. Maumivu makali ya korodani au kinena yakija na homa, au ngozi ikianza kuwa nyeusi na kuoza, piga 999.