Kabla Hujaenda Kesennuma: Mambo ya Kuzingatia

Kesennuma ni mji mdogo wa bandari katika mkoa wa Miyagi, kaskazini mashariki mwa Japani, wenye wakazi wapatao 60,000 ambao riziki yao kubwa hutoka baharini. Ukikusudia kwenda huko, yapo mambo ya kuyaweka sawa mapema, na moja kati ya hayo nililijua nikiwa nimeshachelewa.

Usafiri kwanza. Shinkansen, yaani treni ya mwendo kasi, kutoka Tokyo itakushusha Ichinoseki, na hapo utapanda treni ndogo ya njia ya Ofunato kwa muda unaokaribia saa moja na nusu. Treni hiyo haipiti mara kwa mara, kwa hiyo andika saa zake kabla ya kuondoka. Kusini mwa mji usitafute reli: iliharibiwa na tsunami ya Machi 11, 2011, na njia yake sasa hupitiwa na mabasi ya mwendokasi. Beba yeni taslimu. Ukitaka katsuo, samaki wa jamii ya jodari ambaye kwa zaidi ya miaka 20 mfululizo Kesennuma imeongoza Japani nzima kwa kumpokea akiwa mbichi, nenda kati ya Juni na Novemba, uwahi sokoni asubuhi na mapema.

Sasa jambo lenyewe: jua njia ya kukimbilia mlimani siku ile ile unayofika. Mimi nilifika alasiri, nikaona ramani ya njia hiyo imebandikwa nyuma ya mlango wa chumba, nikaiacha kwa sababu ya uchovu. Usiku wa manane simu ililia mlio nisioujua, na kabla sijaishika, sakafu ikaanza kutikisika na taa zikazimika. Vipaza sauti vya mtaani vilitangaza kwa Kijapani, mwangwi ukirudi kutoka vilimani, nami nimesimama pekupeku kwenye korido nisijue nielekee wapi. Mama mwenye nyumba ya wageni, ambaye alikwisha kutoka nje, alirudi ndani kunitafuta. Alinipa viatu vyangu, akanishika mkono na kunipandisha ngazi za mawe nyuma ya nyumba, ngazi ambazo mchana nilizipita mara mbili bila kuuliza zinakwenda wapi. Tsunami haikuja, lakini aibu ya usiku ule ninayo hadi leo.

Watu wa pwani hiyo ya Sanriku wana neno, tendenko, maana yake kila mtu akimbie kivyake bila kumngoja mwingine. Si uchoyo. Mama hukimbia kwa sababu anaamini kuwa mwanawe naye ameshakimbia, na imani hiyo ndiyo huwaokoa wote wawili. Mimi, kwa kutojua njia, nilimrudisha mzee wa watu ndani ya nyumba.

Usitosheke na kilima chochote. Mwaka 2011 kilima cha Sugi-no-shita, kilichokuwa kimeteuliwa kuwa mahali pa kukimbilia, kilifunikwa na maji na watu wakafia pale. Wanafunzi wa sekondari ya Koyo, ambayo jengo lake sasa ni makumbusho, walikimbilia hekaluni, kisha wakaendelea mbele zaidi ndani ya nchi kavu, wakanusurika. Nenda ukalione jengo hilo: ghorofani bado limo gari lililosukumwa na maji.

Wala usingoje ardhi itikisike. Mwaka 1960 mawimbi yaliyozaliwa na tetemeko la Chile yalivuka Pasifiki na kuipiga pwani hii bila watu wake kuhisi mtikisiko wowote. Tangazo likitolewa, ondoka, na usirudi hadi liondolewe, kwani wimbi la kwanza mara nyingi si kubwa kuliko yote. Lala viatu vikiwa karibu na kitanda, tochi, pasipoti na dawa zako zikiwa kwenye mfuko mmoja. Chaji simu kila usiku. Mwachie mtu wa nyumbani anwani ya unapolala. Na ukienda majira ya baridi, beba koti zito, maana mlimani huenda ukakaa hadi asubuhi.