Umemaliza Dripu, Unataka Kuanza Mazoezi: Anza na Haya

Ukimaliza matibabu ya saratani, ndugu wanakuletea supu na soda na kukuambia upumzike. Pumzika, lakini usilale mwaka mzima. Dawa zinaondoa uvimbe, zinaacha mengine. Deksamethasoni tunayopewa kuzuia kutapika hupandisha sukari, misuli inanyauka, mafuta yanahamia tumboni, na wanawake wengi tunakatikiwa na hedhi kabla ya wakati. Ndiyo maana mtu anapona titi, halafu anakutwa na kisukari na presha. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata kama insulini inasuasua, kwa hiyo mazoezi ni sehemu ya tiba. Fanya, ila kuna mambo ya kutazama kwanza.

Pima sukari kabla ya kula, presha, uzito, kiuno na wingi wa damu. Andika kwenye daftari.

Kama ulipewa ile dawa nyekundu, doksorubisini, muulize daktari kama moyo wako unahitaji kupimwa kwa eko, yaani ultrasaundi ya moyo. Kama saratani ilifika kwenye mifupa, usinyanyue kitu mpaka akuruhusu. Uliyetolewa tezi za kwapa, mkono huo uanze na chupa ya maji ya nusu lita, uongeze taratibu. Ukivimba, rudi kliniki.

Unayetumia insulini au vidonge vya sukari, usitoke na njaa. Weka glukosi mfukoni.

Sasa miguu. Hapa naomba unisikilize vizuri.

Dripu zangu za mwisho zilikuwa za paklitakseli, dawa nyingine ya saratani. Vidole vya miguu vikafa ganzi, nikaambiwa itapungua, nikaizoea. Nilipoanza kutembea sukari yangu ya asubuhi ilikuwa 9.1. Nikawa natoka Mabatini, hapa Mwanza, alfajiri, nateremka mjini, nazunguka Capri Point penye upepo wa ziwa, narudi na daladala. Baada ya miezi miwili sukari ikasoma 6.8 na gauni likaanza kunipwaya. Nilifurahi mno.

Jumamosi moja nikarudi, nikavua raba, nikaingia jikoni kuchambua dagaa. Binti yangu akaja ameshika soksi: "Mama, mbona hii ina damu?" Kwenye raba mlikuwa na kokoto, ukubwa wa punje ya hindi. Nilikuwa nimeikanyaga njia nzima, imechimba chini ya kidole gumba, na sikusikia chochote. Kwa kuwa kidonda hakikuuma, nikakifunga kitambaa na Jumatatu nikatembea tena. Hilo ndilo kosa. Kidonda kiliingia usaha, nikapewa antibayotiki, nikasafishwa wiki sita, na muda wote huo marufuku kutembea. Sukari ikarudi 8.7. Muuguzi aliyenisafisha alinieleza kwamba sukari nayo huua neva za miguu, kwa hiyo mimi nilikuwa na sababu mbili za kutosikia. Sikuwahi kuambiwa hivyo kabla.

Basi kung'uta raba kila unapovaa, ingiza mkono ndani upapase. Soksi ziwe nyeupe, damu ionekane. Ukirudi tazama nyayo kwa kioo, na katikati ya vidole pia. Kandambili kwenye mawe yetu ya Mwanza, hapana. Peku ufukweni, hapana kabisa. Kidonda kisichouma kipeleke hospitali siku hiyohiyo. Na kama ganzi inakuyumbisha, achana na vilima kwanza: kaa kwenye kiti, simama, kaa, simama, mara kumi. Mapaja yatafanya kazi, nawe hutaanguka.

Kiasi? Mwaka 2019 wataalamu wa kimataifa wa saratani na mazoezi walipendekeza dakika 30 za kutembea kwa kasi mara 3 kwa wiki, na mazoezi ya nguvu mara 2. Wewe anza na dakika 10. Ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, mwendo ni sawa.

Mengine unayajua. Maji ya kunywa, kofia, usiende na homa. Mvua ikinyesha mawe yanateleza, fanyia ndani. Ziwani usiingie kuogelea, kichocho kipo. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija, kaa chini hapohapo, uite mtu. Simu iwe na chaji. Na nyumbani waambie unapita njia gani, hasa ukitoka kungali giza.