Toboa ukuta kabla hujalipia kitanda

Kwa wenye vyumba vidogo Mji Mkongwe: kabla hujanunua kitanda cha kukunjia ukutani, toboa tundu moja la drili, kina cha kidole, pale kitakapokaa. Ukimwagika unga mweupe laini na drili ikazama bila kukaza, hiyo ni chokaa; skrubu haitashika. Kuta zetu za zamani ni mawe ya matumbawe na chokaa, na kitanda kikishushwa huuvuta ukuta kwa juu. Chukua chenye fremu inayosimama sakafuni, uzito ushuke chini. Juu bado kifungwe kisipinduke, kwa hiyo sogeza tundu mpaka upate jiwe. Ghorofani, sakafu ya boriti ikitikisika ukitembea, fremu haitakusaidia. Muite fundi aikague sakafu kwanza.