Jinsi ya kuchambua chakula na zimwi katika hadithi

Wanafunzi wengi wa fasihi wakikutana na zimwi huandika "zimwi ni ishara ya uovu" na kuishia hapo. Si kosa, ila hoja hiyo inafaa kila hadithi, kwa hiyo haifafanui hata moja. Mimi huwaanzisha na chakula. Tutumie hadithi mbili za Kiswahili alizozichapisha mmisionari Mwingereza Edward Steere mwaka 1870: ya shujaa Liongo na ya Sultani Majinuni.

Hatua ya 1: Orodhesha kila mlo. Nani kapika, nani kala, nani kanyang'anywa? Liongo alipofungwa, mama yake alimpelekea vyakula vizuri, askari wakavila wao. Mama akaoka mkate wa wishwa, yaani pumba za nafaka, akaficha ndani yake tupa, chombo cha kukerezea chuma. Askari wakaudharau, wakampa mfungwa, naye akakata pingu. Ulafi wao ndio uliofungua gereza.

Hatua ya 2: Kagua masharti ya kula pamoja. Watu walikula makoma, matunda ya mti wa mkoma, kwa kikoa, yaani kwa zamu: kila mmoja alipanda mkoma siku yake. Kumbe walipanga kumfuma Liongo mishale akiwa juu. Zamu yake ilipofika, aliyaangua kwa mishale yake mwenyewe. Usiandike tu kwamba alikuwa hodari. Andika kwamba waliomwinda walijificha nyuma ya desturi ya usawa.

Hatua ya 3: Mfuate zimwi kwa anachokula. Hapa usiwe na haraka. Nunda mla watu, zimwi wa hadithi ya Majinuni, alianza akiwa paka wa sultani huyo. Alipokamata ndama, watu walishtaki. Sultani akajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Paka akaendelea na wanyama wakubwa zaidi, jibu likawa lile lile. Alipowaua baadhi ya wana wa sultani ndipo baba akakiri kuwa huyo ni nunda. Chora safu mbili: aliyeliwa, na jibu la sultani. Safu ya kwanza inakua, ya pili imeganda, na ishara imelala katikati yake.

Hatua ya 4: Sasa andika hoja, mathalani: "Nunda ni zao la mtawala anayehesabu kila kitu, hata anayeliwa, kuwa mali yake." Kisha itie nguvu kwa tukio. Nani anamuua nunda? Ni kitinda mimba wa sultani, aliyedharauliwa kwa kushinda jikoni. Sultani alikula bila kuuliza. Mkaa jikoni ndiye anayejua kila kitoweo kimetoka wapi.